Kikapu Kimoja Zaidi: Wito kwa Nyumba za Kimara

Ndugu zangu wa Kimara, kuanzia Baruti na Korogwe mpaka Suka na Temboni, na ninyi mlioko huko ndani Mavurunza na Saranga, nina ombi moja la Pasaka. Kila nyumba itakayomwandalia mtoto wake zawadi, itengeneze kikapu kimoja zaidi kwa ajili ya mtoto asiye wake. Kiwe kikapu kidogo, kilichosukwa au kubandikwa hapo hapo nyumbani, chenye mayai mawili, kashata, penseli, na jina la mtoto limeandikwa juu yake.

Sikukuu zetu tunazijua. Mama anakesha na pilau, baba amehangaika mpaka kuku kapatikana, nguo mpya zimekunjwa kabatini tangu Alhamisi Kuu na mtoto anazichungulia kila anapopita. Siku ikifika anavaa, anakula, anapata soda yake. Ni mengi, na wazazi wanayatolea jasho. Lakini karibu yote ni ya nyumba nzima. Kitu alichokusudiwa yeye peke yake, cha kushika na kusema ni changu, mara nyingi hakipo. Na huyo bado ni mtoto mwenye bahati. Hatua chache kutoka kwenye geti lake kuna nyumba ya vyumba sita vya kupanga, na humo yuko mwenzake ambaye baba ni mlinzi, na zamu ya lindo haijui Pasaka. Mama anauza vitumbua, na asubuhi ya sikukuu ndiyo siku ya kuuza. Huyo mtoto atashinda uani akiwatazama wengine wakitoka na viatu vipya.

Zamani mtoto wa namna hiyo alimezwa na mtaa. Aliingia nyumba yoyote yenye harufu ya pilau, akanawishwa mikono, akakaa. Kimara imebadilika. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, Kimara ikawa kituo cha mwisho, na watu wengi wakahamia huku kupanga. Mwaka uliofuata nyumba za kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara, kilomita 19.2 mpaka Kibaha, njia nane. Barabara tuliihitaji na leo tunaitumia. Ila majirani waliokuwa wamezoeana miaka mingi walitawanyika kila mmoja na njia yake, na waliokuja baada yao hatujawajua vizuri. Tunatoka alfajiri kuwahi foleni ya kituoni, tunarudi usiku. Mtu anaijua rangi ya geti la jirani, na hajui jina la mtoto anayecheza mbele yake.

Ndiyo maana nang'ang'ania jina. Kikapu kisicho na jina ni sadaka, na sadaka ni jambo jema, lakini huwezi kuandika jina la mtoto bila kwanza kugonga mlango, kusalimia na kuuliza. Katika kuuliza utajua kwamba wapo watatu, na mdogo ana miaka miwili, na bibi anayewalea anaumwa magoti. Utajua mambo ambayo ulipaswa kuyajua tangu mwaka juzi.

Wapo watakaosema watoto wanahitaji ada na unga, si vikapu. Nawaheshimu, maana wengi wao ndio wanaotoa hiyo ada na huo unga. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inapotaja haki ambazo mzazi anapaswa kumpatia mtoto, inaanza na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na katika orodha hiyo hiyo inaweka haki ya kucheza na kupumzika. Waliotunga sheria hawakuona kwamba furaha ya mtoto ingojee mpaka mengine yote yaishe. Na tukiingojea hivyo, mtoto atakuwa ameshakua.

Hata makao ya watoto tunayoyatembelea wakati wa sikukuu tunayapelekea gunia la mchele, mafuta, sukari na sabuni. Endeleeni, tena ongezeni, kwa sababu walezi wanalisha watoto siku 365. Ninachoomba ni kwamba siku chache kabla, mpigie mlezi simu, umuulize wako wangapi, wa umri gani, wanaitwa nani. Mtoto anayelala kwenye bweni anakula chakula cha wote, anaoga sabuni ya wote, anavaa nguo zinazozunguka. Kikapu kilichoandikwa jina lake kina uzito mwingine kwake. Na tukishavikabidhi, simu za kupigia picha zibaki mfukoni. Mtoto hana deni la kutulipa kwa sura yake.

Sasa kazi ya mikono. Anayetaka kitu cha haraka na kisicho na gharama atafute kuti bichi la mnazi, maana pakacha ni mali yetu ya pwani na hakuna kikapu cha Pasaka kinachoishinda kwa uzuri. Unakata kipande cha kuti chenye majani kama kumi na mawili, unaupasua upongoo ili ubaki mwembamba wa kupindika, unaukunja uwe duara, huo ndio mdomo wa kikapu. Majani yanaangalia chini. Unaanza kuyapishana, moja juu moja chini, kwa mshazari, ukizunguka polepole na kuvuta kila baada ya mapito mawili ili yasilegee. Ukifika mwisho unayakusanya, unayafunga fundo, na ncha zilizobaki unazichomeka kwa ndani. Mkono uliozoea unamaliza hata uji haujapoa. Asiyejua asione haya. Mzee wa Rufiji, Mafia au Kisarawe hakosekani mtaani, naye atafurahi kuliko wewe kuombwa afundishe. Wenye ukindu waloweke chane zao usiku mmoja, wasuke ukili mwembamba, washone vikapu vya kiganja. Wenye ndugu Iringa waagize milulu, maana mabasi ya huko yanashusha Mbezi, hapo hapo jirani.

Kwa Wakatoliki neno dogo kuhusu Jumapili ya Matawi. Yale yaliyobarikiwa tusiyageuze vikapu, kwa kuwa hutunzwa nyumbani na kurudishwa parokiani yachomwe kuwa majivu ya mwaka unaofuata. Lakini wanaokata makuti ya maandamano hukata mengi. Waombwe watenge machache kabla ya baraka.

Na asiye na mnazi wala ukindu ana katoni. Boksi la biskuti likatwe nusu, libandikwe vipande vya vitenge ambavyo fundi cherehani anavisukumia chini ya meza, kwa gundi ya unga wa ngano uliopikwa na maji mpaka ukawa mzito. Mshikio ni utepe wa kanga iliyochakaa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kazi hiyo yote isipokuwa kisu.

Mayai nayo yanapendeza sana yakitiwa rangi, na rangi iko sokoni bure. Muuza vitunguu anapopanga mafungu yake, maganda yale makavu mekundu huyapukutisha chini. Mwombe, atakujazia mfuko. Chemsha viganja viwili vitatu vya maganda mpaka maji yawe ya kahawia nyekundu, yaache yapoe, ongeza kijiko cha siki, kisha pikia mayai humo dakika 10 na uyaache yakae ndani. Yai la kienyeji, kwa weupe wake, linatoka na rangi ya udongo wa Kimara baada ya mvua. La kisasa linakolea zaidi. Binzari ya manjano inatoa njano, choya inatoa zambarau inayoelekea bluu. Na kuna ufundi mmoja ambao watoto hawauchoki: chukua jani moja la giligilani, libandike kwenye yai bichi, lifunge kwa kipande cha soksi nyembamba lisisogee, ndipo ulipike kwenye maji ya maganda. Ukifungua, umbo la jani limebaki jeupe kwenye ganda, kila mshipa wake unaonekana. Trei moja ina mayai 30, yaani vikapu 15.

Nimesikia wanaosema kikapu cha mayai ni mambo ya Wazungu. Chanzo chake ni njaa ya mfungo. Wakristo wa kale hawakula mayai wakati wa Kwaresma, na kuku hawafungi, kwa hiyo Pasaka ilikuta nyumba zimejaa mayai. Ujerumani wakawaambia watoto kwamba sungura ndiye anayeyaleta, na daktari mmoja wa huko, Georg Franck von Franckenau, aliiandika desturi hiyo mwaka 1682. Wahamiaji wakaivusha bahari mpaka Pennsylvania, ambako watoto walitega kofia zao na nyasi kidogo wakisubiri mayai. Chokoleti ilikuja baadaye sana, na kwa joto letu la Aprili haifiki hata Ubungo. Walitumia kofia kwa sababu ndizo walizokuwa nazo. Sisi tuna mnazi.

Ndani ya kikapu, mayai yakishakaa, tia kashata, ubuyu uliofungwa vizuri, ndizi mbivu, kamba ya kuruka, gololi tano, penseli na kichongeo, au mwanasesere wa vitambaa. Lakini gololi, ubuyu na karanga nzima zisiingie kwenye kikapu cha mtoto chini ya miaka mitano, zinapalia. Huyo apewe ndizi na mpira wa kitambaa. Mayai yapikwe asubuhi ile ile ya Jumapili, maana yai lililochemshwa halifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Dar hata hizo ni nyingi. Wenye uwanja wachezeshe kombolela ya mayai: yafichwe, wadogo waanze kuyatafuta, wakubwa wafuate. Kwa masika haya angalieni wasiyafiche kwenye mifereji.

Nataka mchezo huo ufanyike mtaani kwa sababu nyingine pia. Siku ya Idi, tarehe 1 Oktoba 2008, karibu watoto 20 walikufa Tabora kwa kukosa hewa na kukanyagana kwenye ukumbi wa disko toto. Walikuwa wamekwenda kusherehekea. Tangu hapo, kila sikukuu, polisi hupiga marufuku disko toto, lakini marufuku peke yake haimpi mtoto mahali pa kwenda. Uani kwa jirani, mbele ya macho ya mama watatu wanaomenya viazi, ndipo mahali penyewe.

Kwa majirani zetu Waislamu: mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani, na tulijifunza kitu. Kikapu kilipelekwa jioni, saa ya kufuturu, na sahani ya tambi ikarudi nayo. Mtoto wa Kiislamu mtaani kwako naye ni mtoto wa mtaa wako. Muulize mzazi wake kwanza, ondoa pipi ambazo hujui zimetengenezwa na nini, na asipotaka, mkae kwa amani. Wakati wa Idi watoto wetu hupita nyumba hizo hizo kuomba mkono wa Idi, na sijasikia waliorudishwa.

Fedha ya shughuli hii isitolewe kwenye mfuko wa pilau. Kwaresma ni siku arobaini za kujinyima, na ulichojinyima ni cha mhitaji, hicho ndicho kiini cha mfungo tangu mwanzo. Soda mbili ulizoziacha kila wiki zinanunua mayai na kashata za kikapu, na chenji inabaki. Nawaomba walezi wa Utoto Mtakatifu wawape watoto wenyewe kazi hii. Shirika hilo lilianzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson kwa wazo kwamba watoto wawasaidie watoto wenzao, na wazo hilo halihitaji kuongezewa kitu. Walimu wa Shule ya Jumapili katika sharika za Kilutheri na makanisa mengine, ninyi mna meza, mna mikasi na mna watoto kila wiki.

Jumuiya ndogondogo zinazosali nyumba kwa nyumba zifanye hesabu, kwa sababu zinajua nani amefukuzwa kazi na nani anauguza. Mjumbe wa shina aulizwe kuhusu nyumba ambazo jumuiya haifiki. Orodha iwe tayari wiki moja kabla ya Matawi, ili nyumba mbili zisimpelekee mtoto mmoja na mwingine akasahaulika. Jumamosi Kuu mchana, wakati mnasubiri mkesha, msuke. Na unapoandika jina, usilikisie. Mwenye mtoto yupo hapo mlangoni, muulize kama ni Irene au Ailin, kama ni Feisal au Faisali, uandike kama anavyoliandika mwenyewe kwenye daftari lake la shule.