Yupi mchungaji, yupi mla kondoo?

Kiswahili kimetoa jina moja kwa watu wawili ambao aghalabu hawafanani. Anayepeleka mifugo malishoni ni mchungaji. Anayesimama mimbarini leo Jumapili akiwa amevaa suti au kanzu, naye pia ni mchungaji.

Wa kwanza tunamjua kwa vumbi lililo miguuni mwake. Wa pili siku hizi ni vigumu kumtambua, kwani kila mwenye hema na kipaza sauti anaweza kujiita mchungaji, na wanaomsikiliza akawaita kondoo wake. Je, utamjuaje aliye wa kweli?

Jibu limo katika picha yenyewe ya mchungaji na kondoo, picha ambayo kwa Mkristo imebeba maana nzima ya wokovu.

Waandishi wa Biblia hawakuibuni picha hiyo. Waliishi katika nchi ya vilima, yenye maji haba na wanyama wakali. Kabla ya kuwa mfalme, Daudi alichunga kondoo wa babake huko Bethlehemu, na alimsimulia Mfalme Sauli jinsi alivyopambana na simba na dubu ili kumwokoa mwanakondoo kinywani mwao. Zaburi ya 23, inayohusishwa na Daudi na ambayo husomwa katika mazishi mengi humu nchini, imejaa mambo ya kazi hiyo: fimbo, gongo, malisho na maji.

Kwa nini kondoo, wala si punda au ngamia? Muulize yeyote anayefuga kondoo wa sufu kule Nyandarua au Molo. Kondoo mzito akianguka chali, mara nyingi hawezi kuinuka peke yake. Hewa humjaa tumboni, akashindwa kupumua, na asipopata wa kumwinua anaweza kufa katika muda wa saa chache. Kondoo huyo hahitaji mawaidha juu ya ubaya wa kuanguka. Anahitaji mtu aje.

Hivyo ndivyo Yesu alivyosimulia katika Injili ya Luka, sura ya 15. Mafarisayo na waandishi walikuwa wakinung'unika kwamba anawakaribisha wenye dhambi na hata kula nao. Akawapa mfano wa mtu mwenye kondoo mia moja. Mmoja akapotea. Yule mtu akawaacha tisini na tisa, akamfuata huyo mmoja mpaka akampata. Alipompata hakumchapa. Alimbeba mabegani, akarudi nyumbani, kisha akawaita majirani wafurahi pamoja naye.

Hebu tujiulize, kondoo yule alilipa nini? Hakulipa chochote. Safari ilikuwa ya mchungaji. Hatari ya porini ilikuwa yake, na mzigo ulikuwa juu ya mabega yake.

Hata lugha yetu inalikubali jambo hili. Tangu uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya, watu wengi wametoa ushuhuda kwa kusema, "Nimeokoka." Hawasemi, "Nimejiokoa." Anayeokoka yuko mwenziwe aliyemtoa hatarini.

Wakristo wa kale huko Roma walielewa hivyo pia. Katika makaburi yao ya chini ya ardhi, kama yale yanayoitwa ya Priscilla, kuna michoro ya karne ya tatu inayomwonyesha kijana aliyebeba mnyama mabegani. Waliwazika wapenzi wao chini ya picha hiyo miaka mingi kabla ya mchoro wa Yesu msalabani kuwa jambo la kawaida.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, Yesu anakwenda mbali zaidi. Anamtofautisha mchungaji mwema na kibarua. Kibarua akimwona mbwa-mwitu hutoroka, maana kondoo si wake. Mchungaji mwema huutoa uhai wake ili kondoo waishi.

Basi kipimo ndicho hicho, msomaji. Tazama ni nani anayegharamika.

Nabii Ezekieli alikitumia kipimo hiki katika karne ya sita kabla ya Kristo, akiwa miongoni mwa Waisraeli waliohamishwa Babeli. Katika sura ya 34 anawashutumu viongozi waliojivisha sufu ya kondoo na kuchinja walionona, ilhali waliovunjika hawakufungwa na waliopotea hawakutafutwa.

Nasi tumeyaona ya kwetu. Mwaka wa 2023, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miongoni mwao walikuwemo watoto wengi. Waendesha mashtaka walisema waumini walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri aliyeshtakiwa alikana mashtaka. Lakini mafundisho ya namna hiyo, yatoke kinywani mwa yeyote, yameipindua picha ya Biblia. Ndani yake kondoo ndiye anayekufa.

Si lazima mambo yafike huko ndipo tushtuke. Mama muuza mboga anapoambiwa apande mbegu kwa karo ya mwanawe ili apate muujiza, ni nani anayegharamika? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wapo wahubiri tuliowasifu mno.

Hata hivyo, tusiwatie wote katika kapu moja. Wako wachungaji wasio na mshahara wa maana, wanaotembea kwa miguu kwenda kumwona mgonjwa na kukesha na wafiwa. Hao tuwashukuru wangali hai.

Tena kazi hii si ya wenye kola pekee. Huenda kondoo aliyepotea ni kijana wako aliyezama katika pombe haramu, au binti aliyepata mimba akaambiwa na wazee wa kanisa akae kiti cha nyuma, kisha akaacha kuja kabisa. Tumezoea kusema, "Akitubu atarudi." Katika mfano wa Luka, aliyeanza safari si kondoo.

Kuna watakaosema huku ni kulea dhambi. La hasha. Sura hiyo hiyo inasema kuna furaha mbinguni kwa mwenye dhambi anayetubu. Ila kidonda huoshwa nyumbani, hakioshwi porini. Kwanza aliyepotea afikiwe, kisha mengine yatazungumzwa akiwa ameketi na ameshiba.

Kwa hivyo leo ukitoka ibadani, usihesabu waliokuja tu. Mtaje kwa jina mmoja ambaye hakuja, na ambaye hakuna tena anayemuulizia. Kabla ya jua kutua, pita kwake. Usiende na mahubiri, nenda na pakiti ya maziwa, mkae mnywe chai.