Tuipime Skuli ya Maandalizi kwa Mwalimu Wake

Elimu iliyotangazwa kuwa ni bure kwa wote visiwani mwetu tarehe 23 Septemba, 1964, leo haimngojei tena mtoto mpaka avuke umri wa miaka sita. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi ya miaka miwili ndani ya elimu ya lazima. Hiyo ni hatua kubwa, na kila hatua kubwa huzaa wajibu mkubwa. Suala lililo mbele yetu sasa si kama mtoto wa miaka minne aende skuli au abaki nyumbani. Suala ni kitu gani anachokikuta akishafika huko.

Hapana budi tuseme wazi kwamba vipimo vyetu vina kasoro. Kiongozi anapozuru skuli ya maandalizi huhesabu vyumba, hutazama paa na rangi ya kuta, akatia saini kitabu cha wageni akaondoka. Mzee naye humuuliza mwalimu swali moja tu: je, mwanangu keshajua kuandika? Mwalimu anayetaka kuwaridhisha wote wawili hana njia ila kuwakalisha watoto kitako asubuhi nzima wanakili herufi za ubaoni, na anayechelewa au kusinzia huonjeshwa bakora. Mtoto wa namna hiyo huweza kurudi nyumbani na daftari lililojaa, lakini somo alilolishika barabara ni moja, nalo ni woga.

Mtoto wa miaka minne si mwanafunzi wa darasa la kwanza aliyepunguzwa kimo. Vidole vyake havijakomaa kwa kalamu ya saa nzima. Akili yake hupita katika mikono, macho na ulimi. Akipanga vifuu kuanzia kidogo hata kikubwa, ameanza hesabu. Akitenga kete nyeupe na za madoa, anajifunza kupambanua. Akiitikia paukwa, akafumbua kitendawili, anaijenga lugha ambayo kesho ataisomea. Akicheza ukuti na wenzake anajifunza kungoja zamu yake na kushikamana na wengine, na huo ndio mwanzo wa uraia mwema. Wazee wetu waliyafahamu haya kabla ya kuwapo skuli za maandalizi. Kwa hiyo anayedai kwamba watoto wanaocheza wanapoteza wakati hajaelewa kazi inayofanyika mbele ya macho yake.

Ushahidi tunao karibu. Katika miaka ya 1980 ulianzishwa Mombasa, kwa msaada wa Taasisi ya Aga Khan, mpango wa skuli za maandalizi zilizofungamana na madrasa, na mwaka 1990 mpango huo ulifika Zanzibar. Msingi wake ulikuwa kuwachukua wanawake wa vijiji vyenyewe, kuwafundisha kazi, kuwaonesha jinsi ya kutengeneza vifaa kwa vitu vya mazingira yao, kisha kuwafuata darasani baada ya mafunzo ili kuwasaidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliowafuatilia watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar, ulionesha kwamba waliopita katika skuli hizo waliendelea vizuri zaidi kuliko waliobaki nyumbani, na hata kuliko waliosoma katika skuli nyingine za maandalizi. Hali kadhalika, vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, vilivyowafikia watoto wa vijiji visivyokuwa na skuli karibu, vilihitaji mtu mzima wa kijijini wa kuuongoza mchezo. Redio peke yake haimfuti mtoto machozi.

Basi mazoea mema ni yapi? La kwanza ni idadi. Mwalimu mmoja mbele ya watoto sitini hafundishi, bali analinda lango. Hawezi kumsikiliza yeyote kati yao, wala kumtambua asiyesikia vizuri au asiyeona ubao. Kila darasa la watoto wadogo linahitaji watu wazima wawili, ili mmoja akitoka na mtoto kwenda chooni wengine wasibaki peke yao.

La pili ni bakora. Wako wanaoitetea kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Lakini tuitazame methali yenyewe. Samaki mbichi hukunjwa kwa mkono, taratibu, na hakunji vizuri aliyemvunja mgongo. Na sisi tuliolelewa vyuoni tumesoma kwamba Mtume (S.A.W.) aliifupisha sala aliposikia mtoto akilia, kwa kumhurumia mama yake. Iwapo sala ilifupishwa kwa ajili ya kilio cha mtoto, herufi za ubaoni zina haki gani ya kukisababisha?

La tatu ni usalama, nalo halina mjadala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 imeyatanguliza maslahi ya mtoto. Kwa skuli ya maandalizi maana yake ni kwamba mtoto hapewi mtu yeyote anayepita na kudai ni mjomba. Majina ya wanaoruhusiwa kumchukua yaandikwe, na mtoto akabidhiwe mkono kwa mkono. Katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, wakati wa bamvua, akina mama wako kwenye mwani mpaka maji yajae. Pemba, msimu wa karafuu huichukua nyumba nzima. Hao si wazembe, wanatafuta riziki. Skuli inayofunga mlango kwa saa ya ukutani, ikamwacha mtoto njiani, imeshindwa kuujua umma inaouhudumia. Na mwalimu akiona alama za kuteswa au kudhalilishwa, asinyamaze kwa kuchelea kuvunja ujirani. Sheha yupo, polisi wapo, na vituo vya Mkono kwa Mkono vimewekwa kwa kazi hiyo.

Mambo yote haya yanarejea kwa mtu mmoja, naye ni mwalimu. Walimu wengi wa skuli za maandalizi zilizoanzishwa na jamii hutegemea michango ya wazee, na michango hiyo hupungua pindi bahari inapochafuka. Tunamtaka awe mama, muuguzi, mlinzi na mwalimu kwa wakati mmoja, halafu tunamlipa kwa shukurani. Matokeo yake ni kwamba aliyekwisha kupata uzoefu huondoka, na watoto wakaanza upya na mgeni.

Tutaambiwa kwamba fedha ni chache na mahitaji ni mengi. Ni kweli. Lakini paa lililovuja mwaka huu linaweza kuezekwa mwakani, ilhali miaka minne ya mtoto haingojei bajeti ijayo. Kwa hiyo tunaishauri Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali kwamba, kabla ya kufungua darasa jipya, itaje mwalimu atakayelishika, mafunzo aliyoyapata na malipo yake. Wakaguzi wakae darasani asubuhi nzima, wawatazame watoto badala ya kuta. Masheha na kamati za skuli wahakikishe maji ya kunawa yapo na orodha ya makabidhiano inatumika.

Na nyinyi wazee, mtoto akirudi leo kutoka skuli, msianze kwa kulifunua daftari. Muulizeni amecheza na nani, amesimuliwa hadithi gani, na kama kesho angependa kurudi. Jibu lake litakuelezeni zaidi kuliko ripoti yoyote.