Waandishi Wengi, Sauti Iwe Moja

Wahenga walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Hao hao walituonya kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hizi hazipingani. Ya kwanza yatuhimiza kushirikiana. Ya pili yatukumbusha kuwa ushirikiano usio na mwongozo ni hatari. Uzito wake huonekana wazi katika maelezo ya kitaalamu yaandikwayo na watu kadhaa kwa ajili ya umma.

Chukua mfano wa maji ya chumvi na sukari apewayo mtoto anayeharisha. Katika Laini Saba, mtaani Kibera, ambako familia nyingi hununua maji kwa mtungi wa lita 20, maelezo hayo si mapambo ya ukutani. Kipimo chenyewe kinajulikana ulimwenguni: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote bila kurundikwa. Sukari ikizidi, kuharisha huweza kuongezeka. Chumvi ikizidi, mtoto huweza kudhurika.

Niliwahi kuletewa karatasi ya namna hiyo, iliyotungwa na kikundi cha kujitolea cha huko Laini Saba. Kila mmoja alikuwa ameandika sehemu yake. Muuguzi aliandika, "Maji yachemshwe." Mwalimu akaandika, "Ni vyema mzazi achemshe maji." Kijana akaandika, "Chemsha maji!" Kisarufi, sentensi zote tatu ni sahihi. Hata hivyo, ya kwanza haisemi nani achemshe, ya pili inashauri, na ya tatu inaamuru. Je, msomaji ashike lipi: ni sharti au ni ombi? Isitoshe, "kijiko cha chai" kiligeuka kuwa "kijiko kidogo," kisha "kijiko" tu. Mama akidhani kuwa hivyo ni vijiko vitatu tofauti, kosa si lake.

Kwa maoni yangu, kasoro hii huanzia darasani. Katika insha, mwanafunzi husifiwa kwa kuepuka kurudia neno lile lile. Hilo ni jema katika sanaa. Katika maelezo ya kazi, kinyume chake ndicho sahihi: neno likibadilika, msomaji ana haki ya kuamini kwamba maana nayo imebadilika. Humo, kurudia ni kumheshimu msomaji.

Kwamba jambo hili lawezekana hakuna shaka. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, ilikuwa kazi ya wataalamu wengi. Hata hivyo, nomino hutambulishwa kwa nm na kitenzi kwa kt tangu A hadi Z, wala msomaji hajui nani aliandika ukurasa upi.

Wapo watakaodai kwamba nataka kuwalazimisha vijana wa Kibera waandike Kiswahili cha Mvita. La hasha! Wakichagua lugha ya mtaani kwao, na wasomaji wao wakaielewa, ni sawa. Ninalosisitiza ni kwamba, wakishachagua, waishike lugha hiyo hadi nukta ya mwisho.

Nawasihi basi walimu wenzangu wawape wanafunzi zoezi la kuandika maelezo kwa vikundi. Kabla ya kushika kalamu, wakubaliane mambo matatu: wanamwambia nani na kwa umbo gani la kitenzi; kila kitu kitaitwa kwa jina gani moja; na nani atakuwa mhariri wa mwisho, mwenye idhini ya kusahihisha kazi ya kila mmoja. Kisha wamsomee mtu asiyekuwa miongoni mwao, naye atende kama alivyosikia, kijiko mkononi. Akisita mahali, wasimlaumu, warekebishe maandishi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Hadhi hiyo itakuwa na faida gani, iwapo mzazi hawezi kuitegemea lugha hiyo usiku mtoto anapougua?