ASILI YA NENO: "COMFIT"

Mwingereza wa leo akiulizwa ghafula maana ya neno "comfit", yamkini atasita kabla ya kujibu. Mababu zake wasingalisita. Kwao ilikuwa ni punje ya giligilani, kisibiti, yansuni au lozi, iliyovikwa sukari tabaka juu ya tabaka hata ikawa ngumu na nyeupe mfano wa kijiwe cha ufukoni.

Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, waliosema "confit", nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini. Kitenzi chake cha Kilatini, "conficere", maana yake ni kutengeneza kitu hadi kikamilike. Halikuwamo ndani yake hata tone la utamu. Kilichotajwa ni kazi tu.

Na kazi yenyewe haikuwa haba. Sir Hugh Plat aliieleza katika kitabu alichowaandikia mabibi wa nyumba, kilichochapwa London mwaka 1602. Beseni lilining'inizwa kwa kamba juu ya makaa, mbegu zikapashwa moto humo, kisha shira ikamiminwa kidogo kidogo kwa upawa. Mpishi alizikoroga mbegu kwa mkono zisishikamane, akangoja zikauke, akamimina tena, na tena. Shira ikizidi, mbegu huganda zikawa bonge. Moto ukizidi, sukari hugeuka rangi. Mwenye haraka hakuifaa kazi hiyo. Siku hizi pipa la mashine ndilo linalozungushwa badala ya mkono, ila kanuni ni ile ile.

Zamani punje hizi ziliuzwa na wauza dawa. Wakubwa walizitafuna baada ya karamu ili kutuliza tumbo na kuondoa harufu mbaya ya kinywa. Maskini hakuzionja, kwa kuwa sukari ilikuwa ghali mno.

Ni nini basi kilichoishusha bei hata mtoto wa mtaani akazinunua kwa senti yake? Jibu halina utamu. Katika karne ya 17 na ya 18, mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, Barbados na Jamaika vikiwamo, yalilimwa na Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari kwa minyororo. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya himaya yake, likatenga paundi milioni 20 za fidia. Fedha hizo walipewa mabwana. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu.

Hata mwaka 1865 neno lilikuwa lingali hai: katika kitabu cha Lewis Carroll, msichana Alice anatoa mfukoni kisanduku cha "comfit" na kuwagawia wanyama zawadi baada ya mbio. Baadaye likafifia, peremende za namna nyingine zilipojaa madukani.

Lakini ndugu yake wa Kiitaliano, "confetti", amesambaa duniani. Waitalia walizoea kurushiana punje hizo katika sherehe za kanivali. Baadaye zikatumika za chokaa, na mwishowe vipande vya karatasi, kama vile wanavyomwagiwa maharusi. Ajabu ni kwamba anayeomba "confetti" katika duka la Italia hupewa lozi zilizovikwa sukari. Zile karatasi Waitalia huziita "coriandoli", yaani giligilani, kwa ajili ya mbegu iliyokuwa ikifichwa ndani ya sukari.