Mkaguzi wa Majengo si Karani wa Mihuri

KUNA watu ambao kila ghorofa linapoanguka mjini huwa na jibu moja tu: mkaguzi amekula rushwa. Jibu hilo ni jepesi, na wepesi wake unawafaa sana wenye majengo. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Ilielezwa baadaye kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa sita hazioti usiku mmoja kama uyoga. Wananchi wana haki ya kuuliza ni nani aliyeziona zikipanda, na je, aliyeziona alikuwa na uwezo gani wa kuzizuia?

Kazi ya ukaguzi ina saa yake. Nondo hukaguliwa kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa, jicho la binadamu haliwezi tena kujua kama ni za milimita 16 au 10, wala kama zimefungwa kwa nafasi iliyochorwa. Zege lenyewe huchukuliwa vipande vya kupimwa, vikapondwa kwa mashine baada ya siku 7 na siku 28. Mkaguzi asiyefika siku ya kumwaga zege kwa kukosa usafiri hawezi kuifidia siku hiyo. Akija kesho yake atatazama lipu, na lipu, kila fundi anajua, husitiri mengi.

Aidha, mtu huyo hutakiwa kumsimamisha tajiri ambaye jengo lake moja linaishinda bajeti nzima ya idara. Akiandika "simamisha ujenzi" ukutani, simu humfikia mkubwa wake kabla rangi haijakauka. Lakini akichora X nyekundu kwenye chumba cha mjane bondeni, hakuna simu inayolia. Tingatinga huja kwa wakati. Ni ajabu gani basi kijana mwenye shahada ya ujenzi kuikimbia halmashauri na kwenda kwa mkandarasi, ambako angalau neno lake juu ya zege husikilizwa?

Wapo wanaodai kwamba ukaguzi mkali huchelewesha maendeleo. Wakawaambie hivyo wafanyabiashara wa Kariakoo, ambako tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliwaangukia watu wakiwa madukani, wakafa zaidi ya 20. Rais alimwagiza Waziri Mkuu aongoze ukaguzi wa majengo ya eneo hilo. Agizo hilo lilikuwa la haki kabisa, ila halipaswi kusubiri msiba mwingine ili lirudiwe.

Mkaguzi mla rushwa afungwe, wala asionewe huruma. Lakini aliye mwaminifu apewe usafiri, vipimo, na amri ambayo haiwezi kutenguliwa ila kwa maandishi. Kila jengo liwe na daftari lililo wazi kwa wapangaji na majirani, lenye tarehe ya kila ukaguzi na saini ya aliyekagua. Na mkubwa atakayepiga simu ili ujenzi uliosimamishwa uendelee, jina lake na saa aliyopiga viandikwe katika ukurasa huohuo.