Orodha ya Maneno na Almasi Iliyoibwa

Wako walimu wa Kiingereza waaminio kwamba msamiati mzito hupatikana kwa kukariri orodha, na kwamba hadithi za taharuki ni za kupotezea wakati tu. Na waisome The Moonstone, riwaya ya Wilkie Collins ya mwaka 1868. Almasi imeibwa, mtumishi mzee, mwanamke mshika dini na wakili, kila mmoja asimulia aliyoyaona kwa maneno ya hali yake. Msomaji atakaye kumjua mwizi hana budi kuyapima: huyu ashuhudia, au adhania? Orodha hutaja maana ya neno. Haisemi ni nani alitumiaye, wala kwa hila gani. Ndiyo maana mwanafunzi wa orodha hutia maneno ya mahakamani katika barua ya mapenzi, na mwalimu wake humpa alama zote.