KABURI LA ASIYE NA KIHAMBA



Sisi Wachaga tunazika kihambani, kwenye migomba. Sina ugomvi na desturi hiyo. Krismasi watoto wakipanda kutoka Dar es Salaam wanamkuta babu yao pale pale. Lakini kihamba kwa desturi hurithi watoto wa kiume, nacho kimekatwa vipande mpaka migomba inahesabika. Je, dada aliyeachika akarudi nyumbani? Na mpangaji je? Maiti iko ndani, kaka zake wanabishana azikwe upande wa nani. Aibu jamani!

Zamani mababu zetu mtu aliyekufa bila mtoto walimpeleka porini, hakupewa kaburi. Tuliacha. Sasa tunataka kurudia?

Wengine wanasema makaburi ya parokia ni ya mapadri, masista na watu wasio na kwao. Hapana. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1180, inasema parokia ikiwa na makaburi yake, waumini wake wazikwe humo, isipokuwa mtu amechagua kwingine. Kwa hiyo kule ni kwetu sote. Tena anayenunua kihamba chenye makaburi ya watu ananunua na kesi.

Naomba jumuiya ndogondogo zikae na halmashauri ya parokia, eneo lipimwe, tupande masale mpakani, tuwe na zamu ya kufyeka. Na wenye vihamba vikubwa ndio waanze kuzika huko, ili asiye nacho asionekane ametupwa.

Katibu